Mabano ya Ukurasa wa Thelathini na Moja

Mama yake Kipngetich alikuwa hamezi kitu tena. Saratani ilikuwa imemziba koo, na uji mwepesi ulipitia kwenye mpira uliowekwa tumboni. Hata hivyo, wiki tatu kabla ya Jumamosi hiyo alijikokota hadi jikoni, akaunguza kijiti cha mti wa senetwet, akasugua mkaa wake ndani ya kibuyu, akamimina maziwa na kukifunga. Hiyo ilikuwa mursik, maziwa ya mgando, ya mshindi. Huko kwao Kimulot aliyeshinda hupokewa kwa mursik, na mama alitaka kummiminia mwanawe kwa mkono wake mwenyewe siku atakayomaliza tasnifu yake ya hesabu. Hakuwa na haja nyingine duniani. Wiki ya Jumamosi hiyo daktari alikuwa amempa mwezi mmoja, na kusema kweli alikuwa amemkadiria kwa ukarimu.

Jumamosi Kipngetich akaingia na rundo la karatasi.

"Mama, nimemaliza. Jumatatu napeleka chuo."

Uso uliokonda ukafunguka. Mama akaagiza kibuyu kitunguliwe ukutani, akakipakata, lakini hakukifungua mara moja.

"Kwanza niambie hii kitu umefanya miaka sita ni nini. Nisikufe mjinga."

Kipngetich akacheka. Alikuwa amechukua mfumo wa namba, akauongezea herufi x, ukapanuka ukawa mfumo wa polinomia. Tatizo ni kwamba katika mfumo wake mabano, yanayoonyesha kipi kinaunganishwa kwanza, hayahamishiki ovyo. Angemwelezaje? Akatazama kibuyu.

"Mama, kuna vitu tatu: kibuyu, mkaa, maziwa. Ukiunganisha kibuyu na mkaa kwanza, halafu maziwa, unapata nini?"

"Mursik."

"Na ukikoroga mkaa na maziwa kwanza, halafu umwage kwa kibuyu?"

"Uchafu! Hata ndama atakataa."

"Basi. Vitu ni vilevile na zimefuatana vilevile, lakini ile umeunganisha kwanza inabadilisha kila kitu. Hiyo ndiyo hesabu yangu."

Mama akaitikia kwa kichwa taratibu, ameridhika. Alikuwa ametengeneza mursik miaka hamsini bila kujua kwamba ni elimu.

"Na wewe ulikumbuka hiyo kila mahali?"

"Kila mahali." Akafungua ukurasa wa thelathini na moja, penye uthibitisho mkuu, amwonyeshe. Kidole chake kikateremka mstari kwa mstari, kikasimama. Hapo mabano yalikuwa yamehama. Aliyahamisha mwenyewe, kwa mazoea ya hesabu za shule, na kurasa sitini zilizofuata zilisimama juu ya mstari huo.

"Umeona nini?"

Angeweza kusema hakuna kitu. Angesema hivyo, kibuyu kingefunguliwa, na mama angekufa akitabasamu. Lakini mwanamke huyu alimjua tangu akinyonya.

"Nimekoroga mkaa na maziwa kwanza, mama."

"Kurekebisha ni siku ngapi?"

"Labda mwaka. Labda haiwezekani."

Mama akaukandamiza mfuniko wa kibuyu kwa kiganja, kwa nguvu ambazo Kipngetich hakujua bado anazo.

"Basi rudisha ukutani. Haujamaliza."

Hakumkasirikia, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Siku tisa baadaye mama akafariki, alfajiri, watu wakianza kuingia kwenye mashamba ya majani chai.

Siku ya mazishi Kipngetich alibaki kaburini mpaka udongo ukasawazishwa. Aliporudi nyumbani, mama mdogo Lenah, aliyefika asubuhi hiyo kutoka Chepilat na hakujua lolote kuhusu kibuyu hicho, alikuwa akiwahudumia wageni. Kibuyu kilikuwa mkononi mwake, kimekwisha kuinamishwa mara nyingi.

"Njoo, weri, kijana wangu. Nimekuwekea ya mwisho. Huyu dada yangu alijua kutengeneza!"

Kipngetich akapokea kikombe kwa mikono miwili. Alikuwa hajarekebisha hata mstari mmoja. Akanywa.