Shanga za Damu ya Mzee

Wifi akikupenda, mshukuru Mungu kimyakimya usije ukamwamsha shetani. Scola hakumpenda Specioza, na hakuwahi kujisumbua kulificha jambo hilo. Siku Gaudensi alipomleta mke wake kutoka Katumba na kumwingiza katika nyumba ya baba yake pale Kashaulili, mjini Mpanda, dada mtu alimpima kwa macho tangu utosini hadi kwenye kandambili, akauliza mbele ya wageni kama huko kambini siku hizi wanagawa na mabibi harusi.

Kambini! Aliyekimbia Burundi ni babu yake, mzee Pontien, mwaka wa sabini na mbili, mtoto mgongoni na jembe begani. Specioza alizaliwa Katumba, akasoma Katumba, akapata kipaimara Katumba, na maishani mwake hakuwahi kukimbia kitu chochote isipokuwa nyuki. Scola ndiye aliyekimbia. Ndoa yake ya Sumbawanga ilimshinda, akarudi nyumbani kwao na kitanda juu ya lori, akajipa chumba kikubwa na funguo zote. Lakini katika nyumba ile mkimbizi alikuwa mmoja tu, na kila mtu alijua ni nani.

Wakagawana jiko. Wakagawana kamba ya kuanikia nguo. Salamu walizipitisha kwa watoto. Gaudensi, ambaye wiki nzima huwa njiani na lori la samaki kati ya Mpanda na Karema, akiulizwa husema hayo ni mambo ya wanawake, anavuta sahani yake na kula. Mdomo wa Gaudensi ulikuwa mzuri sana kwa kula.

Kilichomtuliza Specioza ni mikono yake. Asubuhi, akishamaliza kazi za nyumbani, alitandika mkeka kwenye kibaraza na kutengeneza mapambo: mikufu, hereni, bangili, vyote vya shanga za karatasi. Alikata kalenda za zamani na madaftari yaliyojaa kuwa vipande virefu vyenye ncha, akavizungusha kwenye waya wa mwamvuli, akabana mwisho kwa gundi ya unga wa muhogo. Shanga ikishakauka aliipaka rangi ya mikeka, ile ile ambayo shangazi zake wa Katumba wanachemshia ukili. Kisha alizitunga kwenye mshipi wa kuvulia ambao Gaudensi alimletea kutoka Karema. Ndiyo zawadi pekee aliyowahi kuikumbuka bila kukumbushwa.

Mwisho wa kazi ni vanishi, na hapo ndipo penye siri yote. Kwenye ukili, rangi hiyo huchemshwa ikashika. Kwenye karatasi imekaa juujuu tu kama mgeni asiyejua atalala wapi, mpaka uifungie ndani kwa vanishi, uchovye, uanike, uchovye tena. Bila hivyo, tone moja la maji linatosha kuifukuza. Specioza alikuwa akichovya shanga zake ndani, chumba cha nyuma, pasipo na vumbi. Scola akapiga marufuku. Alisema harufu ile inampasua kichwa, na nyumba ya baba yake si karakana ya seremala. Basi ikabidi achovye nje, alfajiri, kabla upepo wa kiangazi haujaamka na kumwaga vumbi la Mpanda nzima juu ya vanishi mbichi.

Mwaka huo Lucia, mdogo wao wa mwisho, alichumbiwa na Manyanda, kijana wa Kisukuma ambaye familia yake inafuga upande wa Usevya. Ng'ombe walishafika, wakahesabiwa, wakasifiwa. Ikabaki sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi kwao. Lucia mwenyewe alikuja kukaa mkekani kwa Specioza, akakunja shanga mbili tatu zilizopinda kama mguu wa kuku, akacheka, akasema wanawake wote wa familia watavaa mikufu ya wifi yake. Rangi ikachaguliwa: damu ya mzee na dhahabu. Damu ya mzee ni ule wekundu mzito uliokolea, unaopendwa kwenye kila sherehe ya Mpanda siku hizi. Lucia alikuwa mtoto mwema. Katika ukoo ule wema ulikuwa umebaki kwake tu, kama ukoko chini ya sufuria.

Sasa mtu aelewe Specioza alikuwa anataka nini, maana hakikuwa kikubwa. Kwenye sendofu kuna utambulisho. Bibi harusi anasimama na kuwaonyesha wakwe zake watu wake, mmoja mmoja, kwa jina: huyu ni mama mkubwa, huyu ni kaka, huyu ni wifi. Unaitwa, unasimama, unapungia mkono, unakaa. Ni jambo la kupepesa jicho. Lakini baba mkwe alipozikwa, wanafamilia walitajwa wote pale kaburini, hata mpangaji wa chumba cha uani alitajwa, na Specioza, aliyemwogesha mzee yule mpaka siku ya mwisho, hakutajwa. Alisimama na beseni la maji ya kunawia mikono akisubiri jina lake mpaka padri akafunga kitabu. Tangu siku ile alikuwa anasubiri. Alitaka aitwe mara moja tu, kwa sauti, mbele za watu, kwamba huyu ni wetu.

Alikunja shanga zile kama mtu anayesali. Ijumaa, siku moja kabla ya sherehe, mikufu yote ilikuwa imetungwa na kupakwa rangi, inaning'inia kwenye kamba yake chumba cha nyuma, mikavu, mizuri. Ilibaki vanishi. Alipanga kuamka kabla ya jogoo, achovye yote uani, na kwa jua la siku hizi mpaka mchana itakuwa imekauka. Mchana akaenda mashine kusaga mahindi.

Aliporudi na ndoo ya unga kichwani alimkuta Scola anatoka chumba cha nyuma, beseni mkononi, na ndani ya beseni mikufu yote.

Scola hakushtuka. Alisema anaipeleka kwake kwa usalama, maana hapa kuna watu wanaweza kukesha nayo wakiisomea maneno ya kwao. Akainua mmoja, akaugeuzageuza kwenye mwanga.

"Afadhali haing'ai," alisema. "Ile yako ya siku zote inang'aa kama kibandiko cha bajaji."

Specioza alishusha ndoo. Na hapa tumtendee haki: mdomo ulifunguka. Maneno yalikuwa tayari ulimini, bado vanishi, wifi, niachie mpaka kesho. Alikuwa ameshavuta pumzi ya kuyasema. Ila Scola hakuwa amemaliza, kwa sababu Scola hajawahi kumaliza.

"Halafu kesho usivae yale magauni yako," alisema. "Wewe utakuwa nyuma, kwenye masufuria, na wale wapishi. Utambulisho ni wa damu. Lucia mwenyewe amekubali."

Lucia mwenyewe amekubali. Maneno hayo yalimwingia Specioza na kukaa. Angeweza kuuliza. Lucia alikuwa saluni, mtaa wa pili, hata unga haujapoa ungeweza kwenda na kurudi. Hakwenda. Mtu aliyezoea kupigwa haulizi fimbo imetoka mti gani. Alimtazama wifi yake, akaitazama mikufu ile, akaona kwa macho ya moyo ukumbi wenye paa la bati, ngoma, joto, jasho kwenye shingo nono ya Scola, na gauni la lesi rangi ya maziwa ambalo Scola alilileta kutoka Mbeya na kuliimba kutwa nzima. Akafurahi. Tusimpambe: alifurahi, mwili mzima, kama mtu aliyepata kivuli.

"Chukua tu, wifi," alisema. "Imeshakwisha."

Usiku huo Gaudensi alirudi na lori, ananuka dagaa, akamuuliza mbona anaimba. Alimwambia ni furaha ya sherehe. Naye akaamini, akavuta sahani.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Wasukuma walikuja na basi zima, na mbele yao mama yake Manyanda, anayeitwa mama Mwandu kwa jina la mwanawe wa kwanza, mwanamke mkubwa wa umbo na wa heshima, amevaa nguo nyeupe tupu tangu kilemba hadi viatu. Specioza aliona hayo kupitia dirisha la nyuma, upawa mkononi, pilau ikifuka mbele yake. Wapishi walimpa kigoda. Alikataa kukaa, alitaka kuona.

Wanawake wa familia waliingia kwa kucheza, mstari mrefu, Scola mbele, mikufu imewakaa vizuri sana, na watu wakapiga vigelegele. Specioza aliihesabu kwa macho kazi ya mikono yake ikipita, akawa anangoja. Joto la bati liliwashukia. Emsii akasema wimbo urudiwe. Wakarudia. Akasema bado hajawaona wakwe wakicheza. Wakwe wakasimama.

Ndipo Scola akafanya jambo ambalo Specioza hakuliwaza. Alikuwa na mkufu wa ziada, ule mnene kuliko yote, ambao Specioza alimtengenezea Lucia wa kubadilishia. Akacheza nao kwa madaha mpaka kwa mama Mwandu na kumvalisha shingoni, zawadi ya kwanza ya ukoo kwa ukoo. Ukumbi ukalipuka. Mama Mwandu akamkumbatia, wakacheza wote wawili, jasho kwa jasho, na Lucia katikati yao katika gauni lake la rangi ya krimu, naye na mkufu wake.

Upawa ulimtoka Specioza mkononi. Akautazama pale chini kwenye majivu kana kwamba si wake. Katika hesabu yake yote ya tangu jana alikuwa amemwona Scola peke yake. Mikufu ilikuwa ya wanawake wote, na yeye aliyeitunga mmoja mmoja alikuwa amemwona mmoja tu. Chuki ndivyo ilivyo, inakupa jicho moja na kukunyang'anya la pili. Alifikiri akimbilie mlangoni, aseme vueni. Akafikiri ataingiaje na kanga ya jikoni, mbele ya nani, na aseme alijuaje. Wakati anafikiri, muziki ulikatwa na watu wakaketi.

Ukaja utambulisho. Lucia alichukua maiki. Akawaita mama wakubwa, akawaita kaka, Gaudensi akasimama na koti lake la kuazima, akapunga mkono, akakaa. Akamwita dada yake Scola. Scola akasimama akitabasamu, na kutoka dirishani Specioza aliona mstari mwembamba mwekundu umeanza kushuka kifuani kwake kuelekea kwenye lesi. Scola hakuwa ameuona. Aliyekaa pembeni yake alikuwa ameuona, akawa anamnong'oneza jirani.

"Bado mtu mmoja," Lucia alisema kwa mapenzi. "Dada yangu amesema utambulisho ni wa damu. Mimi nimekataa, tangu jana nimekataa. Huyu ndiye alimwogesha baba yangu. Na mapambo haya yote mnayoyaona, na hilo alilovalishwa mama mkwe wangu, kayatengeneza yeye kwa mikono yake. Naomba aje mbele, wakwe zangu mumwone. Wifi yangu, Specioza."

Makofi yalipigwa. Wapishi walimsukuma, unaitwa, mama, wewe si ndiye Specioza, nenda. Mmoja alimfuta majivu begani. Akapita mlango wa nyuma, akapita katikati ya meza, na kila hatua makofi yalipungua. Alipofika mbele hayakuwepo tena. Watu hawakuwa wanamtazama yeye.

Walikuwa wanamtazama mama Mwandu. Mama yule alikuwa amejipangusa shingo na leso, na leso ilikuwa nyekundu. Akajigusa kifua, vidole vikawa vyekundu. Chini ya mkufu, kwenye nguo nyeupe, rangi ilikuwa inaenea pole pole bila haraka, na shanga zenyewe zilianza kufunguka, karatasi ya kalenda ikachungulia na tarehe zake. Wazee wa Kisukuma waliokaa nyuma yake walisimama.

"Nyie watu," mama Mwandu alisema, taratibu kabisa, "hii damu mliyonivalisha ni ya nani?"

Scola alijitazama. Akaliona gauni lake la Mbeya. Akanyoosha kidole, na hata hasira yenyewe ilichelewa kumfika usoni, kwa sababu furaha ilitangulia: hatimaye alichokisema miaka yote kilikuwa kimeandikwa kwenye nguo za watu. Alisema aliwaambia. Alisema mkimbizi hana ndugu. Gaudensi aliinamisha kichwa akaiangalia sahani yake, na sahani ilikuwa bado tupu.

Specioza alieleza. Kwamba si damu, ni rangi ya mikeka, kwamba haikupigwa vanishi, kwamba maji tu yanaifukuza, hata nguo zitatakata zikilowekwa mapema. Yote yalikuwa kweli. Alisema pia kwamba Scola ndiye aliyeichukua mikufu kabla ya wakati, na hilo nalo lilikuwa kweli. Wazee walimsikiliza. Mmoja akaanza kutikisa kichwa kama anayeelewa, na kwa nukta chache ilionekana kana kwamba ajali ni ajali na pilau italiwa.

Ila Lucia hakuwa anawatazama wazee. Alikuwa anamtazama wifi yake, shingo yake mwenyewe nyekundu, krimu imeharibika hadi kiunoni. Alikuwa amekaa kwenye mkeka ule. Alikuwa ameziona shanga zikichovywa, mara ya kwanza na ya pili, na alimjua yule anayezichovya, mtu asiyetoa hata hereni moja mkononi kabla haijakauka.

"Wifi," alisema. "Wakati anazichukua, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Na ulijua?"

Specioza alitafuta uongo na uongo ulikuwepo, mdogo, wa kutosha. Lakini alikuwa ameitwa kwa jina, mbele za watu, na aliyemwita alikuwa amesimama pale anasubiri jibu.

"Nilijua," alisema.

Lucia alikuwa bado ameshika maiki kati yao, hakukumbuka kuishusha, kwa hiyo neno hilo lilisikika ukumbi mzima na nje hadi kwenye masufuria.