Ukurasa wa Elsa Kikapuni

Adélaïde alitoka kwenye chumba cha maombi Alhamisi mchana akiwa amefura, na hakuaga mtu. Miaka sita ameomba hapo mtaani Kinama kwa Mama Jovithe, kiongozi wa maombi, miaka sita ametandika mikeka na kufagia, halafu leo mwanawe anaitwa mchawi mbele ya watu arobaini!

Kosa alilianzisha mwenyewe, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Pale, mwenye shida huiandika kwenye karatasi, akaikunja, akaitia kikapuni. Karatasi haifunguliwi kamwe: huombewa ilivyo, kisha huchomwa. Basi Adélaïde, badala ya kuandika, alichana ukurasa wa daftari la bintiye Elsa, mwanafunzi wa chuo, akautia humo. Alidhani Mungu akiuona mwandiko wenyewe atashughulika haraka.

Mama Jovithe akaufungua. Akausoma kwa sauti, tena kwa madaha.

Elsa alikuwa ameokota kwenye simu mambo ya Wika, dini ya Wazungu wanaoheshimu mwezi na majira, akapanga wiki yake kwa kuifuata. Jumatatu ni ya mwezi: mshumaa mweupe, ndoto. Jumanne ni ya sayari ya Mirihi: mshumaa mwekundu, ushujaa. Ijumaa ni ya Zuhura, mapenzi. Jumamosi ni ya Zohali: mshumaa mweusi, kufukuza mabaya. Na chini kabisa, jina lake.

"Huyu mutoto ni muchawi, amegawia mashetani siku za Mungu!" Mama Jovithe alipaza sauti. "Jumamosi umulete hapa. Tutamufukuza hiyo pepo mbele ya kila mutu."

Adélaïde akainua macho, akaiona ratiba ya maombi ya wiki iliyobandikwa ukutani nyuma ya mama huyo. Jumanne: vita vya kiroho, njooni na kitambaa chekundu. Ijumaa: ndoa na wachumba. Jumamosi: kufukuza. Damu ikampanda kichwani.

"Na hii yenu ni nini?" akauliza, kidole ukutani. "Jumanne yenu nyekundu, Jumanne yake nyekundu. Mbona yenu haina pepo? Na kikapu, nani alikutuma kufungua? Mi simuleti!"

Wakaanza kumkemea kwa pamoja, wengine wakimnyooshea mikono kana kwamba pepo limeshamhamia yeye. Wanafiki wakubwa! Alitembea hadi nyumbani akiwatukana kimoyomoyo mmoja mmoja, kwa majina. Neno mchawi likishakushika mtaani, hata bombani wenzako hukupisha kwa woga.

Elsa alikuwa mlangoni, simu mkononi, macho mekundu. Habari zilikuwa zimeshamfikia.

"Ni Loïc," alisema. Loïc alisoma naye, na ndiye pekee aliyewahi kuonyeshwa daftari lile. "Ni yeye tu alikuwa anajua. Nimemutukana, mama. Nimemuandikia asinisemeshe tena mpaka nikufe."

Adélaïde angeweza kunyamaza. Alitaka sana kunyamaza.

"Apana Loïc," alisema. "Ni mi. Mi ndiye nilichana, nikatia mu kikapu. Nilitaka wakuombee."

Elsa hakulia. Aliingia ndani, akatia nguo mbili tatu kwenye begi la shule, akatoka.

"Elsa, sikiliza. Nimekataa mbele yao wote. Jumamosi sikupeleki kule, hata waje na polisi!"

"Ulishanipeleka, mama," Elsa alisema, akampita mlangoni.