Kandili Haikuzimika

Walimwita Nahodha, ingawa maisha yake yote hakuwahi kuongoza chombo chochote isipokuwa shimo. Alikuwa mchimbaji visima na pia mzee wa kanisa, na kazi hizo mbili alizichanganya hata usijue saa ngapi anahubiri na saa ngapi anatoa amri. Akikukabidhi sururu anakupa na habari za mitume. Akiongoza ibada ya Jumatano anawaeleza akina mama jinsi ya kujenga ukuta wa kisima usiporomoke. Watu walicheka, lakini walikuja.

Kikosi chake kilikuwa cha watu wanne, naye akiwemo. Msaidizi wake alikuwa mdogo wa mkewe, kwa hiyo akamwita Shemeji, na wengine wote wakadaka jina hilo, hata wasio na udugu naye wa kuombana chumvi. Kisha walikuwepo ndugu wawili: Redio, ambaye ukimsikia dakika moja unajua jina alilipataje, na mdogo wake Kinyozi, baba wa watoto wawili, mtu mpole aliyenyoa vichwa vya waumini kila Jumapili baada ya ibada.

Nahodha alikuwa na taratibu zake, na ole wako uzichezee. Kila asubuhi kandili iliyowashwa inateremshwa kwa kamba mpaka chini. Ikizimika, hewa ni mbaya, hakuna kazi, rudini nyumbani mkawasaidie wake zenu. Ikiendelea kuwaka, yeye ndiye wa kwanza kushuka, na jioni ndiye wa mwisho kupanda. Na mtu akianguka chini bila kamba mwilini, hafuatwi. Hapo alikuwa mkali kweli. "Shimo halina huruma," aliwaambia, "linangoja yenu. Mkimfuata mwenzenu, mtakuwa mmelipelekea wa pili."

Jioni alichukua jagi, akachuchumaa, akawamiminia wote maji miguuni, mmoja mmoja, na miguu yake akaiosha mwisho. Siku ya kwanza Shemeji alivuta mguu kwa aibu. Alikuwa ametoka kuokotwa vijiweni, pombe bado inamnukia, dada yake amemsihi mumewe ampe kazi yoyote ile. "Wewe ni mkubwa wangu, bwana," alisema. Nahodha hakuinua hata uso. "Ndiyo maana. Lete mguu."

Tangu siku ile Shemeji alimpenda mtu yule, wala hakuona haya kusema hivyo.

Kisima cha mwisho kilikuwa uani kwa kanisa, karibu na zahanati, ambako wagonjwa waliletewa maji kwa mikokoteni. Walikuwa wameshafikia maji, lakini machache, ya kutia kwenye sufuria yakaisha. Ilibidi wachimbe zaidi, na kila asubuhi shimo limejaa tope, wanachota kwa ndoo mpaka mikono inakufa ganzi. Mashine ya petroli ya kuvuta maji walikuwa nayo, ila mpira wake ulikuwa mfupi, haufiki chini. Kwa hiyo ilikaa ukutani, imefunikwa gunia.

Sasa, asubuhi moja wakafika wakakuta kisima kikavu. Nahodha alikuwa amewatangulia, amekaa kwenye jiwe, macho mekundu kwa kukosa usingizi, anatabasamu.

"Maji yamekwenda wapi?" Shemeji aliuliza.

"Yamekwenda," alisema Nahodha.

"Amesali mpaka yamekimbia," akasema Redio. "Na mimi angeniombea deni za dukani zikimbie."

Wakacheka. Mchungaji akamwita Nahodha ofisini, jambo la saruji, naye akaondoka akisema anarudi sasa hivi. Hakusema lolote zaidi. Kwa nini aseme? Kila mtu alijua kwamba bila yeye hakuna anayetangulia.

Lakini Kinyozi aliingiwa na huruma. "Mtazameni Nahodha alivyochoka. Leo mimi nitangulie, akija akute nimeshachimba." Shemeji ndiye aliyeachiwa kazi, na neno lilikuwa lake. Akasema tuteremshe kandili kwanza. Wakaiteremsha, wakainama wote watatu kuitazama kule chini. Ilikuwa inawaka vizuri kabisa, haiyumbi. Shemeji akasema sawa.

Wakamshusha Kinyozi. Alipofika akajifungua kamba ili afanye kazi kwa nafasi, kama walivyozoea, wakasikia sururu yake mara chache. Kisha akasema kichwa kinamgonga. Redio akamtania kwamba ni njaa, mkewe hamlishi. Kinyozi hakujibu. Walipochungulia walimwona amekaa, amejiegemeza ukutani, kidevu kifuani, na kandili pembeni yake bado inawaka.

Redio alipiga ukelele uliowatoa watu zahanati. Nahodha alikuja mbio na viatu vyake vya ofisini. Akatazama chini, akaitazama kandili, kisha akaitazama mashine pale chini ya gunia, na Shemeji aliuona uso wake ukibadilika. Alikuwa anavua shati tayari. Akalichovya kwenye ndoo, akajifunga puani na mdomoni, akajizungushia kamba. Halafu akamshika Shemeji shingoni, akamvuta mpaka sikio lake likafika kwenye lile shati lililolowa.

"Nilishusha mashine alfajiri, nikaiwasha hukohuko chini. Ni moshi wake. Kandili haiutambui. Nikinyamaza, mtu asinifuate. Hata wewe. Umenisikia?"

Shemeji alisikia. Wakamshusha.

Mtu aliyeitunga sheria ile kwa kinywa chake mwenyewe ndiye aliyeivunja, na aliivunja bila kusita hata kidogo. Chini alifanya haraka. Alijifungua kamba, akamfunga Kinyozi kwapani, akaitikisa. Redio na Shemeji wakavuta, na mzigo ulikuwa mzito, kapi linalia, kamba inawachuna viganja. Walipomfikisha Kinyozi juu, uso wake ulikuwa mwekundu kama wa mtu aliyeota moto. Wauguzi wakamchukua. Kamba ikarudishwa chini upesi. Ilimwangukia Nahodha begani. Aliinua mkono, akaigusa, mkono ukashuka.

Hapo ndipo Redio alipojifunga ile kamba ya pili, kamba chakavu ya kufungia ndoo, ambayo mtoto wa shule asingening'inia nayo.

"Hushuki," Shemeji alisema.

"Amemtoa mdogo wangu."

"Najua. Hushuki."

Redio alimrukia. Shemeji alichukua mpini wa koleo akampiga nao mguuni, si kwa mchezo, akamwangusha. Kisha akalala kifudifudi mdomoni mwa kisima, akauziba kwa mwili wake, akishika ukingo huku na huku. Watu walimvuta miguu. Walimwita majina. Mwanamume mmoja aliyekuja kumtazama mgonjwa alimkanyaga mgongoni. Naye chini ya kifua chake alikuwa anamwona Nahodha, na kandili inamwangazia, na alimwona kifua kikipanda, kikishuka, kikipanda. Aliwaambia walete ndoana ya kuopolea ndoo, wakaleta, akateremsha mwenyewe, akajaribu kunasa mkanda wa suruali. Ilinasa, ikaachia. Ilinasa tena, ikaachia tena.

Kisha dada yake alifika, mke wa Nahodha, miguu peku, unga bado mikononi.

"Toka hapo," alisema. "Kama wewe unaogopa, nitashuka mimi."

Shemeji alimshika dada yake. Huyu ndiye aliyemlea wazazi walipokufa, aliyembeba mgongoni kwake, na alimshika kama mtu anavyomshika mwizi, mikono yote miwili nyuma, naye anamng'ata. Hakumwambia, "Yeye mwenyewe ndiye aliyenikataza." Pumzi haikumtosha. Baadaye pumzi ilipomtosha, akaona kusema hakutamsaidia yeyote.

Zimamoto walikuja baadaye na vinyago vyao na mitungi ya hewa, wakamtoa. Kifua kilikuwa kimeacha kupanda kitambo.

Maziko yalijaa watu mpaka barabarani. Mchungaji alihubiri juu ya mchungaji mwema na kondoo wake, akalia mimbarani, na kila mtu akalia. Nani asingelia? Shemeji alichimba kaburi pamoja na wengine, maana wachimbaji walikuwa wao, lakini hakuna aliyempokea sururu wala kumpa maji. Waliposhusha jeneza, Redio alimpokonya kamba mikononi akampa mtu mwingine. "Wewe kamba unaijua kuishika tu," alisema. "Kushuka ni kwa wenzako."

Siku ileile, tope la makaburini halijakauka miguuni mwake, wakaitwa kwenye chumba kidogo nyuma ya madhabahu, palipowekwa majoho na viti vilivyovunjika. Mchungaji alikuwepo, na wazee wawili wa kanisa, na Redio anayechechemea, na mke wa Kinyozi. Mkuu wa zimamoto alikuwa ameshasema alichokiona: tope la kisimani kwenye miguu ya mashine, na moshi. Kuna mtu aliishusha mle.

"Nani?" mchungaji aliuliza.

Mke wa Kinyozi akasimama. Mumewe alikuwa hai, ndiyo, amelala hospitali, hawezi kushika kijiko, na asubuhi ile alikuwa amemwita mkewe "mama", akidhani ni mama yake mzazi.

"Sitaki fidia," alisema taratibu. "Nataka kumjua tu. Aliyeishusha mashine ile, Mungu amlipe, yeye na watoto wake, waite watu na wasiitikiwe."

Shemeji aliwafikiria watoto wa dada yake, walivyokaa safu ya mbele kanisani kwa nguo za kuazima, na jinsi watu walivyowapapasa vichwa wakisema huyu ni mtoto wa Nahodha. Mkubwa alikuwa ameanza kukaza mabega akisikia hivyo. Jina hilo tu ndilo alilowaachia baba yao. Ukweli ungetoka, wangelivua leo, mbele ya huyu mama, na wasingelivaa tena.

Alimkasirikia Nahodha, tusidanganyane. Alimkasirikia mpaka meno yakamuuma. Mtu anakosea alfajiri, anatubu asubuhi kwa uhai wake, na kufikia adhuhuri amemaliza, yuko kwa Bwana wake, amepumzika. Lakini huku nyuma amekuachia jagi. Na kutoa uhai ni mara moja. Jina ukilitoa, unalitoa kila siku ukiamka, kwa kila mtu unayekutana naye njiani, na hakuna atakayekuhubiria.

Kisha akakumbuka, "Ndiyo maana. Lete mguu." Akahisi amechoka sana.

"Ni mimi," alisema.

Redio alimgeukia polepole.

"Niliishusha alfajiri ili tusichote kwa ndoo," Shemeji aliendelea. "Nahodha hakujua. Na nawaomba jambo moja, hata mkinichukia. Mwambieni kila mchimbaji mnayemjua kwamba mashine ya moshi haishushwi kisimani, hata kwa muda mdogo. Kandili haiwezi kuwaambia."

Mke wa Kinyozi alimwendea, akamtazama kwa karibu, akamtemea mate usoni. Wazee wakatazama sakafu. Shemeji alijipangusa kwa kiwiko, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Habari ilimfikia dada yake kabla yake, maana habari mbaya haingoji viatu. Shemeji alimkuta jikoni, peke yake, waombolezaji wamejaa upande wa mbele wa nyumba. Dada hakumsalimu. Alimwonyesha kigoda kwa kidevu, naye akakaa. Dada akachota maji kwa jagi la Nahodha, akachuchumaa mbele yake, akaushika mguu wake wenye tope.

"Dada, acha."

"Tulia."

Akamimina. Maji yalikuwa ya baridi.

"Alfajiri ile," alisema kwa sauti ya chini, "mimi ndiye niliyemshikia tochi akitia petroli."

Dada akamimina tena.

"Umewaambia ni wewe."

"Ndiyo, dada."

"Mwanangu mkubwa ameshasikia. Anasema akikuona atakupiga jiwe."

"Mwache."

Alihamia mguu wa pili. Maji yakamwagika hovyo. "Nilitaka kwenda kuwaambia ukweli. Nimesimama mara mbili. Halafu nawaona wanangu, nakaa tena. Mimi ni mtu mbaya, mdogo wangu."

"Sikuja kukuomba uwaambie."

"Najua ulikuja kuniona." Akamfuta miguu kwa upindo wa nguo yake, katikati ya vidole, kama alivyokuwa akimfuta alipokuwa mtoto. Alilia wakati anamfuta, bila sauti. Kisha akajifuta macho kwa upindo uleule wenye tope, akasimama. "Usije tena hapa. Ukiingia na kutoka kwangu, watu watajiuliza."

"Sawa, dada." Akavaa ndala zake, akaelekea mlango wa nyuma.

"Si huko," alisema dada. "Pitia mbele. Wakuone nikikufukuza."

Wakatazamana kidogo. Kisha dada akamshika ukosi wa shati, akamburuta sebuleni katikati ya waombolezaji, akafungua mlango, akamsukuma nje kwa mikono miwili, na maneno aliyompigia kelele yalisikika mpaka kwa jirani, ukutani kwa mke wa Kinyozi. Watu uani wakapisha njia. Shemeji akapita katikati yao na miguu yake safi.

Jiwe la mpwa wake lilimpata begani alipofika getini. Hakugeuka, wala hakuongeza mwendo.