Kengele Sebuleni kwa Mkuu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi fundi baiskeli alikuwa ameibinua baiskeli ya binti yake, anakaza mnyororo. Binti alisimama kando na sare yake, mkoba mgongoni, hataki kuipanda.

"Nitatembea, baba."

"Mwendo wa saa mbili? Utafika wenzako wako mapumzikoni."

"Nichelewe, lakini nifike."

Fundi alirudi kukaza mnyororo. Mama wa binti hakufika. Alikuwa akimtangulia binti kwa baiskeli kila siku hadi kwenye geti la shule, maana barabara ile haina ukingo: ni lami, kisha mtaro. Lori halikumwona, au lilimwona. Kilichobaki kizima ni kengele ya baiskeli yake.

Wiki tatu baada ya mazishi, mkuu wa idara ya barabara alisaini taarifa kwamba njia ya baiskeli kwenda shuleni imekamilika. Hakutoka ofisini kuiangalia. Alichukua ramani ya zamani, akaweka rula, akapiga mstari mwekundu, akagonga muhuri, akaenda kunywa chai. Kazi ya watu wale ni kuchora. Kuzika wanawaachia wengine.

Kesho yake njia ilikuwepo. Nyekundu, upana wa hatua mbili, laini kama sakafu ya benki, na ilipita palepale mstari ulipopita. Kwenye ramani ile nyumba ya mkuu haikuwepo, kwani aliijenga baadaye, kwenye eneo la barabara. Basi njia iliingia getini kwake, ikapanda barazani, ikakata sebule kati ya kochi na televisheni, ikatokea mlango wa jikoni.

Saa moja kasorobo wanafunzi wa kwanza walipita. Walitoa shikamoo. Mke wa mkuu aliitikia, akasogeza stuli.

"Hawa ni akina nani?" mkuu aliuliza, kikombe mkononi.

"Watoto wa shule," mkewe alisema. "Inua miguu, mume wangu."

Mkuu alileta waashi, wakaiziba njia kwa matofali. Asubuhi ukuta ulikuwa na uwazi wa hatua mbili, umepigwa lipu safi kabisa. Waashi waliisifu ile lipu, wakaondoka.

Habari ilimfikia fundi mchana uleule. Wazazi waliokuwa wamefungia baiskeli stoo wakazitoa, wakamletea na utando wake wa buibui. Aliziba pancha, akabadilisha breki, hakumkatalia mtu. Kila baiskeli aliifungia kengele, hata ambayo mwenyewe hakuiomba. Ile ya marehemu aliifunga kwenye usukani wa binti.

"Njia haina lori hata moja, baba?"

"Lori litapitaje sebuleni kwa mtu?"

Binti akapanda.

"Ukiingia kwake anza kupiga kengele," fundi alimwambia. "Usiache mpaka utoke jikoni."

Mkuu naye hakukosa akili. Alipiga picha sebule yake saa moja kasorobo, akaipeleka juu kama ushahidi kwamba njia inatumika. Wakubwa wake wakampongeza, wakafunga faili. Njia yenyewe inaishia nyuma ya jiko lake, kwa sababu karatasi iliishia hapo. Kutoka pale hadi shuleni, hatua mia tatu, ni lami ileile, mtaro uleule na malori yaleyale. Wanafunzi hushuka, wakasukuma baiskeli mmoja nyuma ya mwingine, kimya. Fundi hutembea nao upande wa malori mpaka wa mwisho aingie getini, ndipo aende kufungua kibanda chake.

Jioni binti akirudi, fundi huuliza kabla hajaweka mkoba chini.

"Leo mkuu alikuwa wapi?"

"Mezani."

"Alisema nini?"

"Alisema, wanangu, nawaombeni, siku moja tu ninywe chai kwa utulivu."

"Na wewe?"

"Nikapiga."

Fundi akachungulia mawingu, akarudi kuupaka mnyororo mafuta.

"Kesho mvua itanyesha," alisema. "Waambie wenzako wasikwepe matope kabla ya kuingia kwa mkuu."