Nusu Ipi?

Bi Nyamvula wa Likoni hakuwa mtu wa kubembelezwa. Alipoambiwa kuwa goti lake la kulia limelika hadi mfupa unasaga mfupa, na dawa iliyobaki ni kulitoa na kutia la chuma, aliuliza siku tu. Wiki sita alijitayarisha kama bibi harusi. Jino bovu aling'olewa, maana aliambiwa uchafu wa kinywani huweza kuteremka hadi gotini. Mikeka aliikunja, asije akajikwaa na mikongojo. Kila siku baada ya alasiri alinyoosha mguu kitandani, akatia taulo chini ya goti na kulikandamiza huku akihesabu hadi kumi, machozi yakimlengalenga na jirani zake wakimpigia soga dirishani.

Kilichomkwamisha ni neno.

Siku tatu kabla ya kulazwa alimuuliza mwanawe, Luqman, atafanywaje asihisi msumeno ukikata. Luqman, kwa ulimi wake mwepesi, akasema atapigwa nusu kaputi.

"Kaputi si kufa?"

Ni jina tu, Luqman akasema, la watu wa zamani.

"Watu wa zamani hawakuwa wajinga. Nusu yangu itakayokufa ni ipi?"

Tangu hapo Bi Nyamvula hakutaka hata kusikia hospitali ikitajwa. Msalani alikwenda kwa kushika ukuta, ngazi mbili za mlangoni akizishuka kinyumenyume, akaapa kuwa ndivyo atakavyoishi. Luqman alimwomba, akamwita mwoga, akamwomba tena. Mwisho akamwambia basi aende akakatae kwa kinywa chake, kwani si adabu kuwaweka watu wakimngoja. Kwa ajili ya adabu, akaenda.

Aliyewapokea ni muuguzi Nafula, mtu wa Bungoma, ndiye aliyemfundisha yale mazoezi. Alimwamkia shikamoo, akavuta kiti karibu, akamsikiliza akikataa, kisha akamuuliza kama anaogopa kufa.

"Kufa siogopi, mwanangu. Kila nafsi itaonja mauti. Naogopa yanikute ulimi umelala, nisiwahi kutoa shahada."

Luqman akainamisha uso. Nafula, na msalaba wake mdogo shingoni, hakucheka. Alitoka akarudi na daktari wa ganzi, aliyeeleza kuwa iko njia ya sindano ya mgongoni. Kutoka kiunoni kwenda chini hatahisi maumivu. Kutoka kiunoni kwenda juu atakuwa macho, na akili yake na ulimi wake mwenyewe.

Bi Nyamvula alimtazama daktari, akamtazama mwanawe.

"Kumbe hiyo ndiyo nusu. Ungesema hivyo, Luqman, tungekuwa tumelala vizuri."

Nafula hakutaka kumficha. Akamwonya kuwa atasikia sauti ya msumeno, na nyundo pia, na wako ambao sauti hizo huwatisha kuliko maumivu.

"Marehemu mume wangu alikuwa seremala. Miaka thelathini nililala usingizi wa mchana na msumeno wake dirishani. Ukinyamaza ndipo nilipokuwa nikiamka."

Akaomba kalamu, akatia sahihi fomu ya kukubali kupasuliwa, polepole, herufi kwa herufi. Kisha akamshika Nafula mkono, akamwachia ujumbe kwa watu wa chumba cha kupasulia.

"Wakinisikia nasema, sisemi nao. Wasinijibu."