Uzio wa Bwawa

Mkurugenzi wa kituo cha utafiti wa malisho alifunga mlango mwenyewe, akamkaribisha mtafiti kiti, akaanza kummwagia sifa. Mtafiti alikuwa binti wa wafugaji, aliyekulia nyuma ya mikia ya ng'ombe, na alijua kwamba ng'ombe hukunwa shingo kabla ya sindano.

Sindano haikukawia. Tajiri mwenye shamba la jirani alitaka bwawa la wote lizungushiwe uzio, akabidhiwe yeye alitunze. Ilibaki tu ripoti ya mtafiti iseme kwamba wafugaji wanaohamahama ndio waliomaliza nyasi. Ni sentensi moja, mkurugenzi alisema, haimuui mtu.

"Mzee, hiyo sentensi ndiyo kazi yangu yote," mtafiti alijibu. "Nyasi zimekufa pale mifugo inapokaa mwaka mzima. Wanaohama wakirudi wanazikuta zimeota. Siandiki kinyume."

Akaufungua mlango mwenyewe, akatoka.

Alidhani nyumbani angepata pole. Kaka yake alifurahi sana kusikia alivyokataa, mpaka alipouliza ni mifugo ya nani hiyo inayokaa mwaka mzima. Ilikuwa yake. Zizi lake lilikuwa ukingoni mwa bwawa, na tangu aezeke nyumba ya bati pale, habari ya kuhama hakutaka hata kuisikia. Akamsihi ataje mifugo ya wengine, ya kwake aifumbie macho.

"Damu nzito kuliko maji, mdogo wangu."

"Ni nzito, kaka, lakini ng'ombe hawainywi."

Akanuna, akaacha chai yake ipoe.

Siku ya mkutano wa watumiaji wa bwawa, ukumbi ulijaa hadi madirishani. Naibu wa mkurugenzi akasoma ripoti, na ile sentensi ilikuwa imeshageuzwa. Mtafiti akainuka bila kuitwa. Alisema iliyosomwa si ripoti yake, akaeleza alichokipima msimu baada ya msimu, wapi nyasi zilirudi na wapi zilikufa, kisha akalitaja zizi la kaka yake, na kaka mwenyewe ameketi mstari wa mbele. Mkurugenzi akamwamuru akae.

"Nitakaa nikimaliza," alisema, akaendelea.

Watu walikuwa wameshaanza kunong'ona kwamba anawatetea wafugaji wenzake. Alipomtaja kaka yake, minong'ono ikakatika. Wajumbe wakagoma kupitisha uzio mpaka wakaone kwa macho yao. Wakaenda, wakaona ukingo mtupu kama kiganja, na hoja ya uzio ikafia hapohapo.

Mtafiti alihamishiwa stoo ya chanjo. Alipoambiwa kwamba akiomba radhi atarudishwa, aliuliza radhi ya nini, akaendelea kupanga makopo.

Mvua ziliponyesha, wifi yake alimletea salamu za kaka.

"Anasema amehama. Na hajakusamehe."

"Sawa," mtafiti alisema. "Mwambie asirudi mpaka nyasi zifike magotini."