Karibu Mno na Nyumbani

Gari lilikohoa mara mbili kwenye kilima kidogo magharibi ya Sioux Falls, likafuka mvuke puani, na Wendell akaliongoza taratibu hadi ukingoni mwa barabara kuu, kwa upole wa mtu anayemlaza mgonjwa. Akazima injini. Kisha akasema kile ambacho Arlys, mkewe, alijua atakisema.

"Usijali, bibie. Tuna kadi."

Arlys hakujali. Kujali kunataka nguvu, na zake zilikuwa zimeishia majimbo ya nyuma huko. Miaka mitano alikuwa amekaa ndani ya gari-nyumba hilo lenye urefu wa basi, kitanda nyuma, jiko katikati, na choo ambacho ukikaa magoti yanagusa mlango. Wendell alipostaafu kiwandani waliuza nyumba yao ya Ohio. Makubaliano yalikuwa miaka miwili tu, waione nchi, halafu watafute pa kutulia. Nchi waliiona. Sehemu nyingine waliziona mara tatu, na hazikuwa zimebadilika.

Asubuhi ile, kwenye kahawa, alikuwa amejiapiza kumwambia. Ilikuwa lazima iwe siku hiyo, kwa sababu walikuwa wakienda kufanya upya leseni. Watu wa maisha yao, ambao nyumba zao zina magurudumu, wengi huja Dakota Kusini kwa kuwa jimbo halina maneno mengi: leta risiti ya usiku mmoja kambini, apa kwamba hapa ndipo unapokusudia kurudi, chukua leseni yako ya miaka mitano, nenda zako. Arlys alijua akiapa tena, basi ni miaka mitano mingine. Hakuwa nayo. Lakini Wendell alikuwa akikunja viti huku anapiga mluzi, na yale maneno aliyoyapanga usiku kucha yakashuka tumboni pamoja na kahawa.

Sasa alisogeza ndoo ya nyanya kutoka kwenye dashibodi, maana jua lilikuwa linapiga kioo. Kila mwaka aliotesha mche mmoja ndani ya ndoo, na kila mwaka ulichanua Texas ukapukutisha maua Colorado. Leo jua linatoka kushoto, kesho linatoka kulia. Mche haukujua ugeukie wapi.

Wendell alitoa kadi ya mpango wa msaada wa barabarani kutoka mfuko wa shati. Aliilipia ada kila mwaka hata mwaka ambao hawakununua makoti. Na tuseme kweli, mpango ulikuwa umewahi kuwafaa. Kule Tennessee walibadilishiwa tairi kwenye mvua na kijana mmoja aliyekataa hata soda. Kule Arizona, nako, walingoja kutwa nzima kwenye joto la kuokea mkate, halafu simu ikawaambia fundi alishafika, hakuwaona, akaondoka. Nao walikuwa kwenye jangwa tupu, gari jeupe refu kama jengo la shule, hakuna hata kichaka cha kujifichia. Wendell hupenda kusimulia ya Tennessee. Ya Arizona husimulia Arlys.

Wendell akapiga, akaweka simu mezani, sauti juu. Ukaja ule muziki wa kusubirisha watu. Waliusikiliza mpaka Arlys akagundua kwamba anaujua wote, na pale unapokatika na kuanza tena.

"Asante kwa kupiga, naitwa Shawna," ikaja sauti ya msichana. "Kwanza kabisa, mko mahali salama?"

Lori likapita, na vikombe vikagongana kabatini.

"Salama kiasi," Wendell akasema. Akaeleza taratibu kwamba gari ni kubwa, kubwa sana, lile la kulala ndani, asije akaletewa bredauni ya kuvuta magari madogo. Shawna akasema ameandika yote.

Ikaja bredauni ya magari madogo. Dereva hakushuka. Aliteremsha kioo, akalitazama gari-nyumba toka puani hadi mkiani, akaguna.

"Nimeambiwa kuna gari."

"Hili ndilo gari," Wendell akasema.

"Mzee, hii ni nyumba. Nikiifunga hapa nyuma, itanivuta mimi." Akapandisha kioo, akageuza, akatokomea kule alikotoka, na mahindi ya pande zote mbili za barabara yakabaki yamesimama kama vile nayo yanangoja foleni.

Wakapiga tena. Muziki tena. Safari hii kwa bahati akapokea Shawna yuleyule, akaomba radhi mpaka Arlys akamwonea huruma. Bredauni kubwa ingetoka mjini, ingewafikisha gereji, ila mafundi wangeligusa gari Jumatatu. Ile ilikuwa Ijumaa.

"Sawa. Sasa tuzungumze hoteli," Wendell akasema, akikaa vizuri. Hapa ndipo alipokuwa akipangojea. "Sisi tuko kwenye mpango wa juu. Gari likiharibika safarini, mnatulipia hoteli na chakula mpaka lipone. Na gereji hawaruhusu mtu alale ndani."

"Ndiyo, mzee, hiyo ipo. Ila ni kwa mtu aliye mbali na nyumbani, maili mia moja na kuendelea." Vidole vyake vikasikika vikigonga. "Na hapa naona... mzee, mbona mmekaribia kufika? Nyumbani kwenu si Sioux Falls? Mmebakiza kama maili ishirini tu."

Wendell aliitazama simu kana kwamba imemtukana.

"Ile ni anwani ya barua, dada."

"Mimi ndiyo niliyonayo kama ya nyumbani."

"Pale ni dukani. Wanapokea barua zetu, wanatutumia popote tulipo. Hatujawahi hata kukanyaga. Nyumba yetu ni hili gari nililokaa ndani yake."

Kwa sauti ya mtu ambaye hafurahii anachokisema, Shawna akajibu, "Kama nyumba ni gari, mzee, basi hamjatoka nyumbani."

"Kwa hiyo nikiwa nyumbani hamlipi, na nisipokuwa nyumbani hamlipi."

"Masharti sikuyaandika mimi. Ningeyaandika mimi ningewalaza pazuri, penye bwawa la kuogelea." Akashusha pumzi. "Hakuna mtu hapo nyumbani anayeweza kuja kuwachukua?"

Arlys akaanza kucheka. Hakukusudia. Kilimtoka tu, na kilipotoka hakikurudi. Akaivuta simu upande wake.

"Mwanangu," akasema, "hebu tazama vizuri hapo kwenye kompyuta yako. Hiyo nyumba yetu ina mlango wa rangi gani?"

"Sioni mlango, mama. Naona namba tu."

"Na bustani je? Ina bustani?"

"Mama," Shawna akasema polepole, "uko mahali salama?"

Hapo kicheko kikageuka. Arlys alilia kama ambavyo hakuwahi kulia tangu azikwe mama yake, mikono mezani, pua inachuruzika, na hakuona haya hata kidogo. Wendell akamshukuru msichana, akakata simu, akatafuta tishu kwenye droo tatu.

"Ni joto hili," akasema.

"Si joto. Nimechoka, Wendell. Nataka kushuka."

"Kushuka wapi?"

"Kushuka tu. Kukaa. Nifungue pazia asubuhi nikute nilichokiacha jana." Akajifuta. "Nilitaka kukwambia kwenye kahawa. Nilitaka kukwambia mwaka jana pia. Siapi tena hicho kiapo chao. Sikusudii kurudi mahali nisipopajua."

Wendell alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Wakishatengeneza rejeta utajisikia vizuri," akavaa kofia yake, akatoka kwenda kuitazama injini ambayo hakuweza kuitengeneza.

Arlys alimkasirikia kuliko alivyowahi kumkasirikia. Alimjua pia, na hilo ndilo lililomchosha zaidi. Baba yake Wendell alistaafu, akakaa kwenye kiti barazani, na kabla mwaka haujaisha wakamtoa kwenye kiti hichohicho amekufa. Tangu hapo mumewe aliogopa viti. Mtu anaweza kuuhurumia woga wa mwenzake na bado asitake kuubeba mgongoni maisha yake yote.

Bredauni kubwa ilifika alasiri, na dereva wake alikuwa jamaa mnene, mpole, aitwaye Odell, ambaye alilizunguka gari-nyumba bila mzaha wowote kabla ya kulifunga minyororo. Lilipoinuliwa pua, ndani kukasikika kishindo. Kabati la sahani lilikuwa limefunguka.

"Kulikuwa na vya thamani?" Odell akauliza.

"Vilikuwa vya kulia chakula," Arlys akasema.

Wakapanda wote watatu mbele, Arlys katikati, ndoo ya nyanya mapajani, majani yanamtekenya kidevu. Kwenye kioo cha pembeni aliiona nyumba yake ikiwafuata imeinua uso juu. Wakafika majengo ya kwanza ya mji.

"Gari naliacha gereji," Odell akasema. "Nyinyi niwashushe wapi?"

Wendell akafungua mdomo. Alikuwa mtu wa kujua njia. Miaka yote mitano hakukosa jibu la swali lolote lenye neno wapi ndani yake. Akaufunga.

"Nyumbani," Arlys akasema, na akataja mtaa na namba, jinsi alivyoiandika kwenye kila karatasi tangu waondoke Ohio.

"Arlys," Wendell akasema.

"Si tumeambiwa tuko karibu? Basi na twende."

Odell alitazama mmoja, akatazama mwingine, akaamua ni mambo ya watu na ndoa yao. "Huo mtaa naujua," akasema. "Sikujua kama kuna mtu anakaa pale."

Palikuwa na safu ya maduka, na lao lilibanwa kati ya saluni ya kucha na mahali pa kuuza piza. Bredauni ikaegeshwa na gari-nyumba lao nyuma yake, likajaza nusu ya uwanja wa kuegesha. Ndani kulikuwa na kaunta, mashine ya kupimia vifurushi, na ukuta mzima wa visanduku vyenye vilango vya bati, kila kimoja na namba yake. Mwanamke wa makamo aliyekuwa akifunga hesabu zake aliinua macho, akaona wazee wawili na mche wa nyanya.

"Mmekuja kwa leseni? Ofisi wameshafunga, mpaka Jumatatu. Kambi mnayo?"

"Tumekuja kuona nyumbani," Arlys akasema.

Yule mama hakushangaa. "Wengi huja," akasema. "Nipeni namba yenu." Akawaongoza hadi safu ya chini, akafungua kilango kwa ufunguo wake. "Hiki hapa. Barua zilitoka jana, kwa hiyo ni kitupu. Watu hupenda kupigwa picha nacho. Niwapige?" Tayari alikuwa ametoa simu yake.

Wendell alivua kofia, akapiga goti moja, lile zima, akachungulia ndani. Alichungulia kwa muda mrefu kuliko kisanduku kilivyostahili. Kisha akaingiza mkono, na ulipofika karibu na kiwiko ukagota. Hapo ndipo Arlys alipomwona mumewe amezeeka, si kama alivyomwona kila siku, bali kama mtu angemwona kwa mara ya kwanza kituoni.

"Hatuenei humu," akasema.

"Hata mmoja wetu," Arlys akasema.

Akautoa mkono. Akabaki pale chini, kofia gotini, anatazama vile vilango vingine, mamia, vya watu wengine ambao jioni ile walikuwa njiani mahali fulani.

"Ungetaka wapi?" akauliza.

Miaka mitano alikuwa amemuuliza kushoto au kulia, milimani au baharini. Swali hili hakuwahi kuliuliza, na Arlys alikuwa amelingoja kwa muda mrefu kiasi kwamba jibu alilokuwa amelitunza lilikuwa limeshapotea. Aliiweka ndoo sakafuni, kwa kuwa mikono ilimwuma.

"Popote," akasema. "Bredauni ikituuliza itushushe wapi, tuwe na cha kujibu."

Wendell akaitikia kwa kichwa. Aliitikia mara kadhaa, kama mtu anayehesabu kitu kimoyomoyo na kukuta kwamba kinatosha. "Ila sitaki kiti cha barazani," akasema.

"Utakuwa na jembe."

Mwanamke wa duka alikuwa bado ameshika simu, hajui aitazame au awatazame wao. "Kwa hiyo picha niache?"

Wendell akashika ukingo wa kaunta, akajiinua, akavaa kofia yake na kuinyoosha.

"Piga," akasema. "Tunakiaga."

Wakasimama kila mmoja upande wake wa kilango kilicho wazi. Nje, Odell alipiga honi mara moja, kwa adabu, kuwakumbusha kwamba alikuwa bado na nyumba yao.